Kristiana wa Ntendele na Kondoo Waliokosa Pumzi

Wasikilizaji wapendwa, mlioketi majumbani, mlio madukani, na ninyi mliosimama nje ya dirisha la jirani mwenye redio, habari za jioni. Sogeeni karibu. Mwenye redio, tafadhali, ongeza sauti kidogo.

Leo tunamkumbuka Kristiana binti Evaristi, wa kijiji cha Ntendele, kule Ufipa, njia ya kutoka Sumbawanga kwenda Matai. Narudia kwa waliochelewa kusogea: Kristiana binti Evaristi, wa Ntendele. Alifariki Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka wa hamsini na tano, wakati wa masika. Alikuwa mfugaji wa kondoo. Hakuwa mchawi. Hilo nalo nitalirudia kabla saa yetu haijaisha.

Kila wiki mnajua tunavyofanya. Jamaa wa marehemu huketi kiti kile pale, mimi huketi hapa, wao hunisimulia, nami huwaambia ninyi. Leo kiti cha jamaa ni kitupu, maana jamaa ni mimi. Kristiana alikuwa mke wangu.

Mimi Clemens ninayezungumza nanyi sikusoma. Darasa la pili, basi. Zamani nilikuwa mpiga mnada wa ng'ombe, na hawa wa redio walinichukua kwa ajili ya koo langu, si kwa ajili ya kichwa changu. Kwa hiyo maneno yakipinda, nivumilieni. Wenye maneno yaliyonyooka nimewaona, na nitawaeleza walichotufanyia.

Wasikilizaji wapendwa, mtu wa pwani akisikia Ufipa, anadhani ni porini kama porini kwingine. Hapana. Kule ni juu. Nyasi tupu mpaka macho yachoke, miti ya kuhesabu, na upepo. Mwezi wa sita maji ya mtungini yanauma meno. Mtu analala na moto, na kondoo wake anawalaza ndani, mlango umezibwa kwa majani, kwa sababu mwana-kondoo akipigwa na ule upepo, asubuhi unamkuta mgumu kama kuni.

Huko ndiko alikozaliwa Kristiana. Baba yake, Evaristi, alimpa kondoo jike mmoja siku alipopata komunyo ya kwanza. Wenzake walipewa kitambaa. Mama yake, Bibi Josefina, yu hai mpaka leo, na nilipokwenda kumwona mwaka huu aliniambia hivi: "Yule mtoto alikuwa analala na kondoo wake mguuni. Nikimwambia utanuka, ananiambia, mama, na wewe unanuka moshi, mbona baba hajakukimbia?"

Ndivyo alivyokuwa. Jibu lake lilikuwa tayari kabla hujamaliza swali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Pale kwetu kuna desturi. Kondoo akifa baada ya kuzaa, au akimkataa mwanawe, yule mtoto hatupwi. Anabebwa kifuani, ndani ya nguo, anapelekwa kwenye nyumba yenye majike wenye maziwa. Mwenye nyumba hiyo anamlea pamoja na wa kwake mpaka aweze kula majani, kisha anamrudisha kwa mwenyewe. Halipwi. Anaombwa tu, naye hakatai. Na katika Ntendele nzima, nyumba iliyokuwa ikiombwa kuliko zote ilikuwa yetu, kwa ajili ya mkono wa Kristiana.

Kondoo hampendi mtoto wa mwenzake. Anampiga kichwa. Kristiana alikuwa anachukua chumvi, anaisaga laini, anampaka yule yatima mgongoni na chini ya mkia. Jike anamnusa, anataka kumpiga, mara ulimi unakuta chumvi. Analamba. Analamba tena. Akimaliza kulamba amekwisha kuwa mama. Mwenyewe akisema, "Hata binadamu, mkwewe akipakwa chumvi kidogo, atampenda."

Kulikuwa na jirani yetu, Adolfu. Shikeni jina hilo. Adolfu alikuwa rafiki yetu. Namkumbuka asubuhi moja amesimama mlangoni, meno yanagongana kwa baridi, kifua kimetuna kwa mwana-kondoo aliyemficha ndani ya koti.

"Hodi, shemeji. Nimekuletea mjukuu."

"Mjukuu gani huyu ananuka tumbaku?" Kristiana akamjibu.

"Ananuka kama babu yake."

"Basi mlete, kabla hajajifunza na kukopa kama babu yake."

Tulicheka. Adolfu akaota moto, akala kiporo cha ugali wetu wa ulezi, akaenda zake. Mwana-kondoo akabaki, akanyonya, akapona. Na wengine hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Watu walimwita Mama wa Yatima. Mimi na yeye Mungu hakutujalia mtoto, na jina hilo lilimfaa. Wakati ule lilikuwa jina la heshima.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka wa arobaini na nane wakubwa wa mifugo walikuja Ntendele. Wakaja na gari, na kwenye gari palikuwa na dume la kondoo.

Mzungu aliyekuwa akisimamia mifugo tulimwita Bwana Mifugo. Jina lake la kwao sikulijua na sikulihitaji. Mfasiri na msaidizi wake alikuwa kijana wa kwetu, Mfipa aliyesoma, anaitwa Beda. Jumbe wetu, Polikarp, alitukusanya. Bwana Mifugo akasema kondoo wa Ufipa ni wadogo, wana miguu ya kuku. Serikali imeleta dume mkubwa kutoka mashamba ya wazungu, mbali kaskazini, apande majike wetu, tupate kondoo wakubwa. Dume atakaa kwa mfugaji bora. Jumbe akaonyesha kidole kwetu.

Kristiana akauliza, "Shikamoo, jumbe. Huyu mgeni ni mzima kweli? Mbona anakohoa?"

Beda akatafsiri. Bwana Mifugo akacheka, akasema ni vumbi la safari. Beda akatuambia, "Ni vumbi la safari."

Nalirudia hilo. Mke wangu aliuliza siku ile ile ya kwanza, mbele ya jumbe, mbele ya watu. Akaambiwa ni vumbi.

Dume lilikuwa kubwa kweli. Manyoya mazito, limefunikwa mpaka machoni, linatembea kama karani wa boma aliyepandishwa cheo. Kristiana akaliita Bwana Kodi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Linakula kwa kila mtu na halimsalimu mtu." Lakini alilitunza. Mwezi wa sita akalilaza ndani pamoja na majike wanaonyonyesha, moto katikati, mlango umezibwa. Wote wanavuta hewa moja. Ungefanya vingine? Mfipa gani angeiacha mali ya serikali kwenye ule upepo?

Mwaka ukapita, hakuna kitu. Wa pili ukapita, hakuna kitu. Watoto wa Bwana Kodi walizaliwa wakubwa, na watu walikuja kuwatazama Jumapili baada ya misa. Mayatima waliendelea kuletwa, wakanyonya, wakarudishwa kwa wenyewe.

Halafu jike wa zamani wa Kristiana, mkubwa wa kundi, akaanza kubaki nyuma.

Ugonjwa huu, wasikilizaji, si kama yale mnayoyajua. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, inakuja kama moto. Huu ulikuja kama kutu. Kondoo anakula. Hana homa, masikio yake ni ya baridi kama kawaida. Lakini anakonda. Mnapanda kilima, wenzake wanafika, yeye amesimama katikati, shingo ameinyoosha, pua wazi, ubavu unapiga kama mvukuto wa mhunzi. Ukimshika kiwele, ni kigumu kama gamba, na maziwa hayatoki ya kutosha. Miezi inapita. Siku moja analala, haamki.

Akafa yule. Akafuata mwingine. Kristiana alijaribu moshi wa majani, alijaribu uji wa ulezi, aliwasogeza karibu zaidi na moto na kuziba mlango zaidi. Alidhani ni baridi. Kila mtu Ufipa angedhani ni baridi. Na kadiri alivyowasogeza pamoja, ndivyo walivyozidi kupeana ile pumzi mbovu. Hatukujua. Waliojua hawakutuambia.

Kisha wakaanza kufa wa majirani. Kwa Adolfu wanne. Kwa jumbe wawili. Adolfu si mjinga. Jioni moja alikuja, safari hii hakupiga hodi kwa mzaha.

"Kristiana," akamwita. Hakusema shemeji. "Nimezunguka nyumba zote. Wanaokufa ni wale walionyonya kwako. Ambao hawakupita hapa, wazima. Niambie mwenyewe ni kitu gani hicho."

Kristiana akasukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Adolfu, na mimi nimeona hivyo hivyo. Na wangu ndio wa kwanza kufa. Hata yule dume wa serikali anapumua vibaya. Kesho nakwenda kwa Bwana Mifugo."

Hamwoni, wasikilizaji? Adolfu hakusema uongo. Hapo ndipo ugumu ulipo. Alichokiona kilikuwa kweli. Wale walionyonya ndio waliokufa. Alikosa neno moja tu la kumweleza kwa nini, na neno hilo lilikuwa limefungiwa ofisini.

Mke wangu akaenda Sumbawanga kwa miguu. Bwana Mifugo akamsikiliza, uso ukambadilika. Sikuwepo, Kristiana ndiye aliyeniambia. Akasema, "Hakushangaa, Clemens. Alikuwa kama mtu aliyeletewa habari ya deni lake."

Baada ya siku chache likaja gari. Kwanza walimchukua Bwana Kodi. Wakampakia nyuma, wakamfunika turubai, gari likaondoka asubuhi watu wako mashambani. Wengi hawakuona. Kisha gari likarudi na askari na bunduki na majembe. Safari hii watu waliitwa, waje watazame.

Walichimba shimo nyuma ya nyumba yetu. Kondoo wote wa Kristiana, wazima na wagonjwa, walipigwa risasi pale. Wote. Na yule aliyetokana na yule jike aliyepewa na baba yake. Wakamwagiwa mafuta ya taa. Mke wangu alisimama, mikono kichwani, hakulia.

Watu wa Ntendele walikuwa wanangoja waambiwe. Bwana Mifugo akasema maneno machache kwa kizungu, Beda akayafasiri. Haya ndiyo maneno yenyewe, nayajua kama ninavyoijua Baba Yetu: "Kondoo wa mama huyu ni wabaya. Msiwaguse. Msile nyama yao. Kondoo wengine wowote waliopita kwa mama huyu, mkiwaona wagonjwa, waueni."

Basi. Hayo tu. Hakusema ugonjwa. Hakusema dume. Alisema, kondoo wa mama huyu. Kisha akapanda gari.

Niwaulize, wasikilizaji wapendwa. Wewe ungekuwa Adolfu, umesimama pale, umepoteza wanne, na serikali yenyewe, yenye bunduki, imekuja mpaka kijijini ikamwonyesha kidole mwanamke mmoja. Ungeelewa nini?

Kabla mafuta hayajawashwa, Beda aliagizwa kupasua mmoja. Kristiana akamsogelea. Beda alikuwa na huruma, nampa haki yake. Akamwonyesha mapafu. Mapafu ya kondoo mzima yakitolewa yananywea, mepesi, laini kama sifongo. Yale hayakunywea. Yalikuwa mazito, ya kijivu, magumu kushika kama ini. Beda akakata kipande, akakitumbukiza kwenye ndoo. Kikazama.

"Pafu zima linaelea," Beda akamwambia taratibu. "Hili limejaa nyama mahali pa hewa. Ni ugonjwa, mama. Una vijidudu vidogo mno, hata darubini haivioni. Unapita kwa maziwa na kwa pumzi, na unakaa miaka kabla haujaonekana. Haupandi kwa binadamu. Kosa si lako."

"Na nani aliuleta?"

Beda akatazama gari. "Si unajua mwenyewe."

"Basi waambie watu. Si hao wamesimama hapo? Waambie kama ulivyoniambia mimi."

"Sina ruhusa, mama."

"Ruhusa ya kusema pafu limezama?"

"Sina ruhusa."

Akamwachia lile pafu, akaenda zake. Mke wangu akaliviringisha kwenye majani.

Kesho yake Jumbe Polikarp aliita baraza. Kristiana aliamka na jambo lake kichwani. Alikwenda kwa mama yake, ambaye kondoo wake hawakuwahi kuchanganyika na wetu, akaomba mmoja, tukamchinja. Akatoa mapafu yake. Akaweka mapafu yote mawili kwenye ungo, la mzima upande huu, la mgonjwa upande ule. Akachukua mtungi mpana wa maji. Nikamuuliza, "Mke wangu, hivi una hakika?" Akasema, "Nimeelewa mimi ambaye sikusoma. Nao wataelewa."

Alikuwa hajawahi kusema barazani. Akaweka mtungi katikati ya watu, ungo mbele yake. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Jana hamkuambiwa kitu. Leo nitawaonyesha kwa macho yenu."

Akakata kipande cha pafu zima, akakiweka majini. Kikaelea. Watu wakasogea. Akakata kipande cha pafu gonjwa. Akakiweka. Kikazama mpaka chini, kikatulia.

Wasikilizaji wapendwa, hapo nisikilizeni. Kristiana aliona pafu. Mimi niliona pafu. Wao waliona nini? Waliona mwanamke, mtungi wa maji, vipande vya nyama ya ndani, na kimoja kimeambiwa kizame kikazama. Kule kwetu kila mtu mzima amewahi kumwona mganga akitazama majini ili amtaje mchawi. Waliona ramli. Na mwenye ramli ni yule yule aliyenyonyesha kondoo wao.

Bibi mmoja akafunika macho ya mjukuu wake. Adolfu akasimama.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona wenyewe? Amejua kipande gani kitazama kabla hajakitia. Mtu asiyekiweka kitu ndani, angejuaje?"

"Adolfu, niliambiwa na Beda!" Kristiana akapaza sauti. "Muulizeni Beda!"

"Beda yuko wapi?"

Beda alikuwa Sumbawanga, ofisini, hana ruhusa.

Jumbe Polikarp hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa jumbe. Alikuwa ameonyesha kidole mwaka ule wa dume, na alijua. Angeweza kusema, jamani, huyu dume mimi ndiye niliyempokea. Akasema, "Baraza limefungwa."

Toka siku ile hakuna aliyekuja kuchota moto kwetu. Mnajua maana yake? Mwanamke wa Ufipa moto wake ukizimika, anakwenda kwa jirani na kigae, anapewa kaa. Walizunguka kijiji kizima wasipite mlangoni kwetu. Lile jina la Mama wa Yatima walianza kulisema kwa sauti nyingine. Wakasema tumbo lake limefungwa, kwa hiyo alikuwa akinyonya pumzi za watoto wa wenzake. Usiku mmoja wakatupa mawe juu ya paa.

Nikaenda boma kushitaki. Mimi mwenyewe. Nikasema, bwana, mke wangu ameonewa, tuma mtu akaseme ukweli, neno moja linatosha. Waliniambia ningoje. Nikangoja. Jibu lililokuja lilikuwa amri: kwa usalama wake na kwa amani ya kijiji, Kristiana ahamie Kasanga, asirudi Ntendele mpaka atakaporuhusiwa. Serikali ilikuwa na sheria yake ya mambo ya uchawi. Waliyeshindwa kumtetea, walimhamisha. Ni rahisi zaidi kumhamisha mwanamke kuliko kusema neno.

Bwana Lukmani, mwenye duka na lori pale Sumbawanga, alitakiwa atupeleke. Abiria waliposikia ni nani anapanda, walishuka na mizigo yao. Utingo wake naye akashuka. Lukmani akashika usukani mwenyewe. Akamfungulia mke wangu mlango wa mbele.

"Karibu, mama. Leo lori zima ni lako, kama mke wa Gavana."

"Na wewe huogopi?" Kristiana akamuuliza.

"Mimi? Nimeoa wake wawili katika nyumba moja. Mchawi atanifanya nini?"

Alicheka. Wallahi, kama anavyosema Lukmani mwenyewe, alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile shimo. Tulipofika kwenye ukingo wa miinuko na ziwa likaonekana chini, akageuka kutazama nyuma, tulikotoka.

Mtu wa juu, wasikilizaji, hashuki ziwani akakaa. Wazee wetu walijua. Anashuka kununua dagaa, anapanda. Kasanga ni joto, na mbu wa kule hawana huruma na Mfipa. Watu wa Kasanga walitupokea vizuri, Waislamu na Wakristo, sina neno nao. Mama Kulsumu, jirani yetu, alimfundisha Kristiana kukausha samaki, akamcheka jinsi anavyowashika kama anashika watoto. Lakini homa ilimwingia mwezi wetu wa kwanza pale, ikatoka, ikarudi. Nilikuwa napanda Sumbawanga kufanya kazi ya mnada, nikirudi nakuta amepungua tena.

Kila niliporudi alikuwa na swali moja. Hakuuliza habari za nyumba yetu. Hakuuliza nani kaoa nani kafa. Aliuliza, "Beda keshasema?"

Nikimwambia bado, anasema, "Atasema. Ana mama naye."

Masika ya mwaka wa hamsini na tano alilala siku nne. Siku ya mwisho asubuhi aliniuliza tena. Nikamwambia bado. Akageukia ukutani.

Tuliomba ruhusa azikwe Ntendele. Boma wakasema haifai, amani ya kijiji. Amelala Kasanga, kwenye mchanga, mtu wa baridi kama yule.

Nilikuja kumkuta Beda Sumbawanga baada ya mazishi. Nikamshika shati. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, na machozi yalikuwa yanamtoka: "Bwana mkubwa alisema, tukiwaambia watu dume wetu ndiye aliyeleta ugonjwa, kesho watakataa na chanjo ya sotoka, na ng'ombe wote wa Ufipa watakwisha. Akasema ni bora mtu mmoja asemwe vibaya kidogo."

Kidogo. Alisema kidogo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mwaka huu wa sitini na moja mambo yanabadilika. Bendera yao itashuka, masanduku yao yamefungwa. Yule Bwana Mifugo alikwisha kwenda kwao, nasikia ana bustani ya maua. Na kile kiti chake pale ofisini amekikalia nani? Amekikalia Beda. Nilimwandikishia barua kwa mtu anayejua kuandika. Alijibu kwa upole sana. Anasema jambo hili ni la zamani, na anangoja maelekezo kutoka juu.

Juu ni wapi tena, Beda? Waliokuwa juu wameshuka.

Mimi sina ofisi. Nina hiki chombo mbele ya mdomo wangu, na saa hii moja ya jioni, na huenda wakubwa wa hapa wasinipe nyingine nikimaliza. Kwa hiyo tangazo ambalo halikutolewa Ntendele nalitoa mimi. Nalitoa polepole, kama tunavyotoa matangazo ya serikali, ili asiyesikia vizuri asikie.

Watu wa Ntendele na Ufipa yote mnatangaziwa. Kondoo wenu waliokufa miaka ile walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Ugonjwa huo uliletwa na dume la serikali. Ulipita kwa maziwa na kwa pumzi. Haukupita kwa mkono wa mtu. Kristiana binti Evaristi hakuwa mchawi.

Narudia. Kondoo wenu walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Uliletwa na dume la serikali. Ulipita kwa maziwa na kwa pumzi. Kristiana binti Evaristi hakuwa mchawi.

Pole nyingi ziwafikie watu wa nyumba ya marehemu Evaristi. Pole ikufikie Adolfu, nawe ulipoteza kondoo, na ulipoteza majirani, na hakuna aliyekueleza. Pole kubwa kuliko zote imfikie Bibi Josefina, mama mzazi wa Kristiana, ambaye watu bado wanazunguka mlango wake.

Nilipokuwa kwake alikuwa anachambua ulezi wa kimea. Nikamuuliza, "Mama, unapika pombe ya nini na unaishi peke yako?" Akasema, "Ya kulimia matuta, ya kuwapa majirani wanaokuja kunilimia. Mwaka jana nilipika, nikakaa mlangoni tangu asubuhi. Hakuja mtu. Ikachacha, nikaimwaga. Mwaka huu napika tena. Mtu anayepika ndiye mwenye jirani."

Mliosikia mjini, barazani kwa Lukmani, wapelekeeni walio mbali. Ketini mfikiri, kila mmoja, ni mlango wa nani mnaouzunguka pale kwenu, na ni nani aliyewaambia muuzunguke.

Pombe ya Bibi Josefina itaiva Jumamosi. Nyumba yake ni ile ya mwisho, upande wa bondeni. Nendeni na majembe.